Mzee Taratibu Anaacha Fimbo za Wengine

Baada ya miaka thelathini na mmoja nyuma ya kaunta ile ile ya vifaa vya uvuvi, Mzee Taratibu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni. Aliajiriwa kupanga maboksi stoo. Haikupita miaka miwili yeye ndiye akawa wa kuulizwa, na maboksi yakaachiwa wengine.

Jina hilo alilipata hapa hapa kazini. Mteja akiingia mbio akitaka fimbo ndefu kuliko zote ya kukokotea chambo nyuma ya boti, Mzee humwambia, "Taratibu," avute kiti kwanza. Kisha huanza maswali: anamfuata samaki gani, boti inakwenda kasi gani, na nani hasa atashika fimbo, yeye au shemeji yake mwenye mabega? Chambo cha kukokota hakirushwi, boti ndiyo inayokibeba. Urefu wa nini basi? Fimbo fupi, ngumu kiunoni, ndiyo inayomnyanyua jodari. Ndefu, kwa maelezo yake, ni ya kupigia picha.

Halafu hutokea jambo ambalo wafanyakazi wapya hulidhania usingizi. Mzee hushika rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, hufumba macho, huzungusha kishikio chake polepole. Feni inazunguka, mwanga wa dirishani umetulia juu ya kaunta, nasi sote, bila kuambiwa, tunashusha sauti. Unaona kabisa kwamba hayupo dukani. Yuko mbali, boti inanguruma chini ya miguu yake, mshipi umenyooka nyuma, maji ni ya buluu hadi mteja mwenyewe anasahau alikuja kununua nini. Akifumbua macho, huirudisha rili ile kabatini na kutoa nyingine, na hiyo ya pili huwa ndiyo.

Ndoto hizo ziliwahi kumponza. Mwaka wake wa tatu alijaza mshipi mpya kwenye rili ya nahodha mmoja huku mawazo yakiwa baharini, akauzungusha ukiwa umelegea. Jodari alipovuta, mshipi ulijichimbia kwenye mizunguko ya chini, ukakwama, ukakatika. Nahodha alirudi Jumatatu, na maneno aliyoyasema hayafai jarida hili la duka letu. Mzee alikiri kosa mbele ya wateja wote, akajaza upya, safari hii mshipi ukipita katika kitambaa chenye maji alichokibana kwa vidole. Tangu siku hiyo, Mzee akijaza mshipi, hata meneja hamsemeshi. Nahodha naye akawa rafiki, na kila mwaka humwalika baharini.

Kila mwaka Mzee hukataa. Boti hutoka Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Wengi wenu hamjui kwamba mtu huyu aliyewachagulia wavuvi fimbo miaka yote hiyo hajawahi kukokota chambo hata mara moja. Sasa nafasi imepatikana, lakini bega la kulia limechoka. Daktari amemruhusu vitu vyepesi tu. Mkewe, fundi cherehani, alituambia pembeni kwamba mzee wake halali vizuri, anaogopa amechelewa.

Ndiyo maana zawadi yetu ilitutoa jasho. Tulibishana wiki nzima, mwisho nikatumwa mimi nichague. Niliwaacha jodari wakubwa, nikamchukulia fimbo nyepesi ya nguru, rili ndogo yenye tumbo pana na mshipi unaohimili kilo kumi. Breki ya rili, ile inayoachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu, niliipima kwa mizani ya kuning'iniza, nikaiweka kilo tatu. Jana nilimkabidhi, roho mkononi. Alifunga mshipi kwenye mguu wa meza, akavuta kwa bega lile lile bovu. Fimbo ikapinda, breki ikaachia. Akavuta tena. Kisha akanieleza kwa upole kwamba nimeikaza mno, akailegeza kidogo, akaketi, akalia bila kujificha.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kumtazama mtu kabla ya kumuuzia kitu. Tunakupenda, na tunakuombea maisha mema, usingizi mzuri na bega lisilosumbua. Kesho kutwa, Jumamosi, ukiwa baharini na nahodha, tutahangaika na wateja wako kadiri tutakavyoweza. Ukirudi mikono mitupu, hakuna atakayekucheka. Nahodha anang'oa nanga saa kumi na mbili alfajiri. Tafadhali, usipitie dukani kwanza.