Advera Mhoja, Aliyeandika Majina Kabla Sauti Hazijaondoka

Tarehe 30 Juni 2026, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Bi. Advera Mhoja atarudisha funguo za kabati la kumbukumbu na kustaafu kutoka Kituo cha Sanaa na Ubunifu Unyanyembe, hapa Tabora. Tumejaribu kuizoea habari hii tangu Januari, tumeshindwa.

Cheo chake ni Mtafiti wa Mustakabali wa Sanaa. Kazi yenyewe ni kutafuta dalili za mambo yatakayobadili riziki za wanamuziki, wachongaji na wasusi, kabla hayajapiga hodi. Majirani zake wa mtaa wa Chemchem walipokisikia cheo hicho, mzee mmoja alifika na jogoo, akitaka aangaliziwe kama mvua za mwaka huo zitaifaa tumbaku yake. Bi. Advera alimwamkia, akamkaribisha uji, akamweleza kwamba yeye hapigi ramli. Jogoo alirudi nyumbani salama. Mzee hakuridhika.

Dalili zake alizitafuta stesheni ya Tura. Kila baada ya miezi mitatu alikaa pale na daftari, akisubiri treni itokayo Dar es Salaam, akaandika abiria wanashusha nini. Alituambia kwamba hii ni njia ileile ya misafara ya kale, na kila kilichowahi kuibadili Tabora kilipita kwanza kikiwa mzigo wa mtu. Aliona redio za kaseti zikipungua, simu za bei nafuu zikiingia, kisha kadi ndogo za nyimbo zikiuzwa kama karanga. Mwaka 2009 kituo kilikaribia kununua mtambo wa kuzalisha CD. Alisimama peke yake kikaoni akaupinga, na miaka michache baadaye wauza CD wa mjini walikuwa wanauza chaja.

Hakupatia kila mara. Aliwahi kuandika kwamba ngoma za Tura zingenyamaza ndani ya miaka kumi. Vijana wakaanza kujirekodi kwa simu, vikundi viwili vikawa sita. Ukurasa ule aliubandika mwenyewe mlangoni pake, na bado upo.

Lakini linalotushangaza mpaka leo lilianzia kijiji cha Kigwa, mwaka 2003. Kwa kuona vinasa sauti vinazidi kuwa vidogo, Bi. Advera aliamini siku inakuja ambapo sauti itasafiri bila mwenyewe. Tangu hapo hakurekodi mtu bila kuandika jina lake, kijiji chake na sharti lake la jinsi sauti itakavyotumika, na chini alama ya dole gumba. Mwandishi wa wasifu huu ndiye fundi mitambo aliyebeba wino, na alinung'unika njia nzima. Mkuu wetu wa wakati huo, Mzee Nikolaus, alilalamika kwamba tunamaliza karatasi.

Mwaka 2024, Koleta Mahona alishuka treni kutoka Kigwa, simu ameifunga kwenye pindo la kitenge. Ndani ya simu hiyo, kwenye tangazo la sabuni, aliimba mama yake, Recheli Ngollo, aliyezikwa miaka sita nyuma. Wimbo wake wa kulimia, uliokwisha kuzunguka kwenye simu nyingi, ulikuwa umepitishwa kwenye akili mnemba na kuwekewa midundo, na chini pameandikwa kwamba mwimbaji hajulikani. Koleta alitaka jambo moja tu: mama yake ajulikane.

Bi. Advera alifungua kabati, akatoa daftari la saba. Jina lilikuwepo, dole gumba lilikuwepo, na sharti la Recheli: wimbo usipigwe popote pasipo kumtaja. Barua kati yetu na wenye tangazo zilikwenda na kurudi miezi mitano. Siku tangazo lilipotoka upya, Koleta aligusa jina la mama yake kwenye kioo cha simu, herufi moja moja, nasi tukalia ofisi nzima, fundi mitambo akitangulia.

Wiki iliyopita, tukipanga kabati kwa makabidhiano, tuligundua kwamba kila rekodi inaanza na sauti ya Bi. Advera, akitaja siku na mahali, kisha akimwamkia mwimbaji. Madaftari yana majina 1,146. Lake halikuwemo. Sasa limo: namba 1,147, Advera Mhoja, Chemchem. Nafasi ya sharti na ya dole gumba tumeziacha wazi.

Asante, Bi. Advera. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku njema nyumbani. Ila katika hafla hii ya kukuaga, usiondoke ukumbini kabla hujapita meza ya mbele. Fundi wako anakusubiri na wino, na safari hii hanung'uniki.