Albamu Niliyoirudisha Mkobani

Asalaam aleikum nyote. Wakubwa zangu, shikamooni. Nyie wadogo sogeeni mbele, sauti yangu leo haina nguvu. Bibi mwenye darsa kaniomba niseme yaliyonipata, na mie nimekubali, kwa sababu wengine humu mlinisaidia bila kujua nilikuwa nimefanya nini.

Mnajua niliachwa na mume miaka mingi nyuma, nina wajukuu. Alipokuja kuniposa mume wangu huyu, mtu aliyefiwa na mkewe, asili yake Nizwa, kazaliwa Bujumbura, vita vikamfikisha Amerika hadi akapata uraia wa huko, niliona haya. Nikamwambia kaka yangu sitaki ngoma, sitaki hina, sitaki picha. Milka, ndoa yenyewe, ikafungwa hapa hapa Ibra, Ijumaa baada ya alasiri, sebuleni kwa kaka. Wanaume wamekaa na shekhe, mie nipo jikoni nakaanga sambusa. Kaka akaja mlangoni: "Umeridhika?" Nikasema nimeridhika, nikarudi kwenye karai langu. Ndo harusi yangu hiyo. Cheka tu, mama, nimekuona.

Mume wangu akakaa wiki tatu, akarudi kazini Amerika, akaniombea grini kadi ili nimfuate. Karibu miaka miwili ya makaratasi. Kisha ikaja barua: njoo ubalozini Maskati uhojiwe, ulete na ushahidi kuwa ndoa yenu ni ya kweli.

Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa. Binti wa kaka yangu, anayesoma chuo Nizwa, akatafuta kwenye mtandao wanachouliza. Mswaki wa mumeo rangi gani? Analala upande gani? Nikawa nakariri huku napika, wali unaungua, mie nasema "kulia, kulia". Watu wakanitia hofu zaidi: ukikosea moja tu wataona umeolewa kwa ajili ya karatasi, na Amerika hutoiona maisha. Tena yule binti akauliza, "Shangazi, picha za harusi zipo wapi?"

Hazikuwapo. Mume wangu alikuwa kaja likizo, basi nikakodi ukumbi Nizwa kwa saa mbili, wenye kosha, jukwaa la kukalia maharusi, na maua ya plastiki. Mie na umri huu nikavaa gauni jeupe. Yeye kavaa joho la bishti la kuazima, kanuna. "Mke wangu, haya ya nini? Sisi si tumeshaoana?" Nikamjibu, "Wewe una uraia wako. Atakayesimama pale ni mie." Akakaa. Picha nikazitia kwenye albamu, na chini ya kila moja nikaandika kwa mkono wangu tarehe ya milka. Msimlaumu yule binti. Yeye aliuliza tu.

Siku ilipofika kaka akanipeleka. Njia nzima nasoma dua, na katikati ya dua nasikia "mswaki wa buluu". Ndani nikaingia peke yangu. Ilipoitwa namba yangu nikaenda dirishani. Nyuma ya kioo yupo afisa, binti mdogo tu, na pembeni yake mkalimani wa Kiarabu. Nikaisukuma albamu kwenye uwazi chini ya kioo. Mkalimani akasema, "Inua mkono wa kulia, uape kuwa utakayosema ni kweli, na ulivyoleta ni vya kweli."

Hakuna aliyeniambia kuna yamini. Maswali yote niliyajua, hilo sikulijua. Mkono haukupanda, wallahi. Miaka miwili namwogopa Mmarekani, nikamsahau ninayepaswa kumwogopa.

Nikasema, "Nipeni albamu yangu kwanza." Nikairudisha mkobani. "Hizi picha za uongo. Harusi yangu haikuwa na picha." Mkalimani akanikodolea macho kabla ya kutafsiri. Kisha nikainua mkono, nikaapa. Afisa akauliza, "Sasa siku ya ndoa ulikuwa wapi?" Nikasema jikoni. Nikamweleza yote, mpaka sambusa. Akaandika muda mrefu, sikuweza kumsoma uso. Akanipa karatasi: haijakubaliwa, haijakataliwa, leta maelezo ya mashahidi.

Nilitoka nikiamini nimejiharibia mwenyewe. Nikampigia mume wangu, nikamwambia nimeshindwa. Akasema, "Alhamdulillahi." Nikamjia juu, "Unashukuru nini?" Akasema, "Ungeapa uongo ili uje kwangu, ningekutazamaje kila siku?" Nikalia pale pale kwenye maegesho ya magari.

Ndipo mlipoingia nyie. Mliokuwa nami jikoni siku ile, mliandika mlichokiona, na asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Kaka akaenda mpaka Sinaw kumtafuta shahidi wa pili wa milka, akamkuta sokoni anabishania mbuzi. Baada ya hapo ikabaki kungoja. Wiki kwa wiki, simu ikilia naikimbilia. Juzi juzi wakaniita nipeleke pasipoti, na visa imetoka. Grini kadi yenyewe nitaipatia huko.

Mwenyezi Mungu awalipe, kaka yangu na nyie nyote. Ninalowaambia wenzangu ni hili: ukiwa na kweli yako, hata kama ni nyonge, hata kama inakutia haya, usiivishe nguo ya kuazima. Hofu ndiyo iliyonifanya nione ndoa yangu haitoshi.

Naondoka Jumapili, na msidhani hofu imekwisha. Mume wangu nimekaa naye miezi miwili tu kwa jumla. Jana kaniuliza kwenye simu, "Unaogopa?" Zamani ningesema siogopi. Nikamwambia, "Naogopa sana." Akasema, "Hata mie." Hapo ndipo nilipoanza kufunga mizigo.