Mikuyu Minne ya Chemchemi

Pale njia ya kwenda mto Isiukhu inapoachana na barabara ya Kakamega pana gogo, na juu yake hukaa wanaume watatu ambao hakuna jambo linalowashinda isipokuwa kazi. Chrispinus huitwa Profesa, kwa kuwa aliwahi kufagia maabara ya shule. Sifuna ni Redio, na betri zake haziishi. Mkubwa wao ni Elkanah, Mzee Msitu, kwa ajili ya mikaratusi mia mbili aliyoipanda kuizunguka chemchemi ya kijiji. Jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo. Lakini Februari hii ya 1997 chemchemi imekauka, na wanawake wanateremka mpaka mtoni mara mbili kwa siku. Jescah, mke wa Elkanah, anateremka na goti lake bovu.

— Awinja, hii ni kahawa ama udongo? Profesa alimuuliza mama wa birika.

— Hiyo ni maji ya Isiukhu. Kumebaki vikombe vitatu, na mimi sirudi huko leo.

— Mimi nawaambia, maji iko na mshipa kama mtu, Profesa akasema. Mshipa imekatika huko chini. Maji yetu yote imeenda Uganda.

— Uganda gani? Ni ile nyoka ya chemchemi, Redio akadakia. Marehemu baba aliionanga asubuhi, nene kama paja. Imehama. Na ikihama inabebanga maji tumboni.

— Imehama kwa nini? Profesa akauliza.

— Ilikosa kivuli.

Elkanah alimkazia macho. Redio alikuwa ameukanyaga ukweli na kuupita bila kutazama chini.

— Mzee Msitu, wewe ndio mwenye miti. Unasemaje? Redio akamgeukia.

— Ni Mungu, Elkanah akajibu. Ndilo jibu alilokuwa akilitoa tangu Desemba, maji yalipoanza kupungua.

Hapo akapanda kutoka mtoni Ayuma, aliyetoka Lugari na kuolewa hapa kijijini miezi miwili tu iliyopita. Alitua dumu lake, akajifuta jasho.

— Hamjambo, wazee?

— Hatujambo, mama.

— Naomba kuuliza. Hapo kwa chemchemi nimeona visiki vinne vikubwa, vimeoza. Ilikuwanga miti gani?

Profesa alichungulia kikombe chake. Matofali ya nyumba yake yalichomwa kwa kuni za miti hiyo. Redio, kwa mara ya kwanza mwaka huo, alizimika, kisha akajikaza.

— Mama, huku kwetu mwanamke hapandangi mti, wala haulizi habari ya mti.

— Sijapanda, baba. Nimeuliza tu.

Elkanah aliinamisha kichwa. Mwaka wa themanini na sita bwana wa misitu alisema kwenye baraza kwamba miti huleta maji, naye akaamini kuwa mti ni mti. Mikuyu ilikuwa imepinda, haitoi hata nguzo moja, wakati mikaratusi hunyooka; hakujua kwamba mikuyu hutunza maji na mikaratusi huyanywa. Siku aliyoshika shoka, Jescah alisimama kando na mtungi. “Baba Griffin, hiyo kivuli ikitoka, maji italala wapi?” Alimjibu maneno yale yale ya Redio, tena kwa ukali. Jescah hakuuliza tena, miaka kumi na mmoja sasa.

Awinja aliinamisha birika. Kikombe cha mwisho hakikufika hata nusu, naye akampa Elkanah. Elkanah alikiweka chini bila kukionja.

— Ilikuwa mikuyu, alisema. Niliikata mimi, na bibi yangu alinikataza.

 Huko chini wanawake walikuwa wakipanda, na mmoja alibaki nyuma, akichechemea. Elkanah aliinuka akateremka, jambo ambalo mwanamume wa gogo lile hakuwa amewahi kulifanya. Alipomfikia Jescah alinyoosha mikono, akampokea dumu.

— Uliniuliza, alisema.

Jescah alijua ni swali gani.