Kaburi Namba Thelathini na Moja

MREFU: Haloo? Nani mwenzangu?

SINDANO: Mimi.

MREFU: Mimi nani? Ongea kwa nguvu, hapa gereji kuna kelele za—

SINDANO: Fundi cherehani wako. Au namba yangu ulishaifuta?

MREFU: Sindano.

SINDANO: Ndilo hilo. Hujambo, Mrefu?

MREFU: Sijambo. Sijambo kabisa, na watoto wangu huku hawajambo. Ngoja nitoke nje. Wee, zima hiyo mashine, naongea na mtu! Haya, nakusikia. Mama hajambo?

SINDANO: Hajambo, ni magoti tu. Mdomo bado mzima.

MREFU: [anacheka] Huo hauumwi. Kulikoni? Tangu tuachane hujanipigia hata siku moja.

SINDANO: Nimepiga nikupe habari za mji.

MREFU: Habari za mji?

SINDANO: Si ulikuwa unazipenda? Wamefunga taa barabara nzima, kuanzia ofisi ya mji mpaka mashine ya kusaga. Zinawaka mchana, usiku zinazima. Mwenyekiti anasema ni majaribio.

MREFU: Mwenyekiti yuleyule?

SINDANO: Yuleyule, kaongeza tumbo tu. Soko nalo limeezekwa upande mmoja. Wa nyanya wako kivulini, wa samaki wako juani, sasa harufu yake sikuelezi. Halafu kuna stendi mpya ya—

MREFU: Sindano. Hukunipigia mchana wote huu kunihadithia taa.

SINDANO: Stendi mpya ya mabasi. Niulize wanaijenga wapi.

MREFU: Wapi?

SINDANO: Makaburini.

[Mtandao unakwaruza.]

MREFU: Haloo? Umesema wapi?

SINDANO: Umenisikia. Makaburi ya zamani, yote. Gari la matangazo limepita wiki mbili na kile kipaza sauti chao kibovu. Mwenye marehemu wake afike kwa karani, akaonyeshe kaburi, apewe namba. Anahamishiwa eneo jipya, anazikwa kaburi lake peke yake. Wasio na mwenyewe wanawekwa shimo moja. Mwisho leo, saa kumi.

MREFU: Leo hii?

SINDANO: Leo Ijumaa. Sasa hivi ni saa saba na nusu, nimesimama nyuma ya kibanda cha karani. Mchanga mpaka kwenye meno.

MREFU: Na... umeshaandikisha?

SINDANO: Siku ya kwanza. Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Karani akauliza, marehemu ni nani wako? Nikasema mwanangu. Umri? Nikasema siku moja. Akanitazama, akaandika: siku moja. Nikampeleka kwenye lile kaburi la ukutani, lenye matofali matatu. Wakapiga chokaa, namba thelathini na moja, wanahesabu kuanzia getini. Upo?

MREFU: Nipo.

SINDANO: Mbona umenyamaza?

MREFU: Nakusikiliza.

SINDANO: Miaka tisa nimelipalilia, Mrefu. Kila mwisho wa mwezi, hata mwaka ule nilioumwa mgongo nilikwenda, nikang'oa majani nimekaa chini. Watoto wa jirani wakinicheka, yule mama kaenda tena kufagia. Basi leo asubuhi ikafika zamu yetu.

MREFU: Sindano, sikiliza kwanza—

SINDANO: Ngoja. Ukinikatiza, mara ya pili sitaweza. Walikuja wachimbaji wawili na bwana afya. Mimi nimesimama na shuka jipya mkononi. Wakachimba. Mmoja akaacha. Akamtazama mwenzake. Akaniuliza, tena kwa adabu kabisa: "Mama, ulisema ni mtoto?"

MREFU: Mungu wangu.

SINDANO: Mtu mzima. Bwana afya anasema ni mwanamke, tena mzee. Ana bangili ya shaba mkononi.

MREFU: Bangili?

SINDANO: Nimepalilia bibi wa watu.

MREFU: Sindano...

SINDANO: Karani akaniuliza, huyu tumpeleke kwa wasio na mwenyewe? Nikamwambia andika ni mama yangu mkubwa. Ningefanyaje? Miaka tisa namfagilia mlango, leo nimtupe? Shuka nimempa yeye. Sasa niambie. Mwanangu yuko wapi?

MREFU: Mtandao wako una—

SINDANO: Mtandao wangu mzima! Wewe ndiye ulinionyesha. Ulinishika mkono nimetoka hospitali, natembea kama bata, ukaninyooshea kidole: pale. Nikakuuliza, mbona refu? Ukasema mchimbaji amezoea kuchimba marefu. Mimi nikaamini! Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kwako imekwenda miaka tisa.

MREFU: Nilichagua lile kwa sababu lilikuwa safi.

SINDANO: Nini?

MREFU: Mengine yalikuwa na magugu. Lile lilikuwa na matofali. Nikaona... nikaona utafurahi.

SINDANO: Nifurahi.

MREFU: Sikumzika mimi.

SINDANO: Sema tena.

MREFU: Sikumzika mimi. Walinipa hospitalini, kwenye boksi. Kaka yako akasema nisubiri aje, nikasema nitakwenda mwenyewe, mimi ni baba yake. Alikuwa mwepesi, Sindano. Mwepesi mpaka nilisimama njiani mara mbili, nikafungua nione kama yumo.

SINDANO: Ulimwona?

MREFU: Nilimwona.

SINDANO: Mimi walikataa kunionyesha. Endelea.

MREFU: Nikafika pale getini, miguu ikakataa. Nilijikaza, nakuapia, haikwenda. Yule mzee mchimbaji akanikuta nimeshika geti. Nikampa. Nikamwambia, nizikie, baba, mimi siwezi. Nikaondoka.

SINDANO: Ukaenda wapi?

MREFU: Sijui. Nilitembea tu.

SINDANO: Lakini ulikuja wodini jioni na udongo mikononi. Mpaka kwenye kucha! Nilimwomba nesi maji, nikakunawisha. Mimi! Nikiwa na nyuzi tumboni, nimekaa kitandani nakunawisha.

MREFU: Nilijipaka.

SINDANO: Ulijipaka.

MREFU: Njiani, kwenye mtaro. Nilijua ungeniangalia mikono.

[Mtandao unakwaruza.]

MREFU: Ukinitukana nitakuelewa. Tukana.

SINDANO: Sina muda wa kukutukana, saa kumi haiko mbali. Mzee mchimbaji alishakufa, hakuna wa kumuuliza. Hakukwambia alimlaza wapi?

MREFU: Aliniambia! Nilikutana naye kwa kinyozi, kama mwezi baadaye. Akaniambia, kijana, mwanao nimemlaza upande wa chini, kule kwenye bomba, pamoja na watoto wenzake.

SINDANO: Kwenye bomba.

MREFU: Ndiyo. Wote wadogo wako kule, hawana alama. Hutajua yupi, lakini karani ukimweleza—

SINDANO: Na bado ukaniacha niende ukutani.

MREFU: Ulikuwa umeshaanza kupalilia. Ulikuwa umeshaanza kula. Kila siku nikasema kesho nitamwambia, kesho, ikawa siwezi kukutazama ukitoka nyumbani na jembe. Unadhani niliondoka kwa sababu gani? Lakini nenda sasa hivi, muda upo, waambie wachimbe pole—

SINDANO: Hakuna cha kuchimba.

MREFU: Si umesema mpaka saa kumi?

SINDANO: Upande wa bomba walimaliza Jumanne. Ndio walioanza nao, hawakusubiri siku ya mwisho, kwa kuwa hakuna aliyekuja kuwadai. Walikuta kumi na wanne. Wako shimo moja kule eneo jipya, wameshafukiwa.

MREFU: Jumanne hii?

SINDANO: Jumanne hii.

MREFU: [anapumua] Nisamehe. Sindano, nisamehe. Ningekupigia—

SINDANO: Vitambaa vya kuwafungia, ofisi ya mji ilinipa mimi nishone.

MREFU: Unasema?

SINDANO: Bafta nyeupe. Vikubwa walimpa yule fundi wa sokoni, vidogo wakaniletea mimi. Kumi na vinne. Walivileta Jumatatu mchana, wakavitaka asubuhi yake.

MREFU: Basi ni wewe uliyemvika. Unaona? Angalau amevaa kitu cha mkono wa—

SINDANO: Usiseme angalau.

MREFU: Nilitaka tu—

SINDANO: Sikutia pindo.

MREFU: Haloo?

SINDANO: Sikutia pindo, Mrefu! Karani alisema ni vya kwenda ardhini, nani atatazama pindo? Nikaona kweli. Nikakata, nikapiga mshono mmoja, nyuzi zinaning'inia, nikatupia kwenye mfuko. Kingine, nikatupia. Nilikuwa nimewasha redio. Nilikuwa naimba.

MREFU: Hukujua, Sindano.

SINDANO: Sikujua.

MREFU: Usijilaumu. Mtu hawezi—

SINDANO: Wewe ulijua.

[Mlio wa salio kuisha.]

MREFU: Nakuja. Kesho, basi la alfajiri. Nije tuonane na—

SINDANO: Uje unionyeshe nini?

MREFU: Basi nikupigie mimi, simu yako inalia, itakata sasa hivi—

SINDANO: Usipige. Wananiita huku nikaweke sahihi, yule bibi anapakiwa.

MREFU: Sindano, usikate, tafadhali, neno moja—

SINDANO: Haya. Wasalimie watoto.

MREFU: Sinda—

[Simu imekatika.]