Moshi wa Uchaga wa Bi. Kahaso

Jiko la kuni la Shule ya Wasichana ya Mkwajumoja halitabomolewa. Mwalimu Mkuu, Bi. Everlyn Mumbe, aliwaambia wafanyakazi hivyo Jumatatu wiki hii, baada ya chai ya saa nne. Kufuatia tangazo hilo, Bi. Kahaso Garama, mtunza stoo wetu, amekubali kustaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Sheria haikumpa hiari, lakini alizungumza kana kwamba imempa.

Kwa walioajiriwa juzi: uchaga ni dari ya fito iliyo juu ya mafiga. Mahindi hupangwa humo na maganda yake, na moshi wa kila siku huyakausha na kuwafukuza wadudu kama fukusi. Ndivyo mamake Bi. Kahaso alivyohifadhi chakula kwao Kinango, na ndivyo yeye alivyohifadhi chetu. Kila shamba la shule lilipovunwa, fungu la uchaga lilipanda juu kabla ya punje moja kuingia chunguni.

Alianza kama mpishi msaidizi mwaka 1994. Stoo alikabidhiwa baadaye, mtangulizi wake alipopata kazi katika hoteli moja ya Diani. Tangu hapo hakuna kamba ya gunia iliyotupwa. Mwalimu aliyeomba chaki alipewa kwanza vipande vya muhula uliopita.

Mkaguzi mmoja aliwahi kuandika kwamba stoo yetu inahodhi chakula. Bi. Kahaso alimfuata hadi kwenye gari.

"Mwanangu, anayehodhi anaficha ili wengine wakose," alimwambia. "Mimi nadunduliza. Kidogo leo, kidogo kesho, ili wasichana wenyewe wale."

Mkaguzi alilifuta neno hilo, akaomba maji ya kunywa.

Imani yake katika moshi haikuwa na mpaka. Mchwa walipoingia stoo, alizipandisha sare za kwaya uchagani, zikakaa huko muhula mzima. Kwaya ilikwenda kushindana Msambweni ikinuka kama samaki wa ng'onda. Majaji wawili walipiga chafya katika ubeti wa kwanza, na tukawa wa pili. Bi. Rispah, mwalimu wa kwaya, bado hajalisahau jambo hilo.

"Lakini mchwa walizila?" Bi. Kahaso humwuliza kila linapotajwa.

Hawakuzila.

Novemba 2023, kidato cha nne wakiwa katikati ya mtihani wa taifa, mto ulifurika ukakata barabara ya kuja shuleni. Lori la unga kutoka Kombani liligeuka na kurudi. Ofisini kilifanyika kikao cha kujadili wasichana wapelekwe wapi. Bi. Kahaso hakuhudhuria kwa kuwa alikuwa juu ya ngazi, akishusha mahindi. Yalipikwa na kunde mpaka maji yalipopungua. Malalamiko kuhusu harufu ya moshi yalipokelewa, pamoja na sahani tupu. Mtihani wote ulifanyiwa hapa.

Mwaka huu shule ilipata jiko la gesi, la kuni likawa la kubomolewa, na gesi haina moshi. Mavuno ya mwaka huu tayari yako uchagani, na bila moto chini yake hayatafika masika. Bi. Kahaso alipoulizwa angependa zawadi gani, hakutaka kanga wala cheti. Alitaka mtu mmoja wa kuwasha moto akishaondoka. Kwa wiki mbili hakuna aliyejitokeza. Kuchochea moto usio na chungu si kazi inayogombewa.

Mpishi mkuu, Bw. Muthoka, ndiye aliyedhaniwa wa mwisho kukubali. Kwa miaka mingi amekuwa akiyanusa mahindi hayo na kuuliza, "Mama, leo tunapika papa au mahindi?" naye akijibiwa, "Pika kwanza, kisha uulize." Jumatatu, ombi hilo lilipotajwa tena kikaoni, aliinua mkono.

"Nitawasha mimi," alisema. "Ila Mama, unifundishe kuni, nisije nikauteketeza huo uchaga wako."

Bi. Kahaso alitoa ufunguo wa stoo mfukoni, akamwekea mezani. Hatukumbuki kumwona akiutoa bila kuombwa. Hapo ndipo Mwalimu Mkuu alipotangaza kwamba jiko linabaki.

Mafunzo yanaendelea. Jaribio la kwanza la Bw. Muthoka, kwa kuni mbichi, liliwatoa kidato cha pili darasani. La pili lilikuwa bora.

Bi. Kahaso, ahsante kwa kila ulichotuwekea. Mola akujaalie afya, usingizi wa asubuhi na watu wa kukupikia.

Hafla ya kumuaga ni Ijumaa, saa nane mchana, bwaloni. Bw. Muthoka atawasha moto peke yake kwa mara ya kwanza Jumamosi, tarehe 29, saa kumi na mbili asubuhi. Nyumba ya Bi. Kahaso iko ng'ambo ya bonde, na ameshasema kwamba saa hiyo atakuwa nje, akiangalia moshi.