Mzee Povu na Mkaguzi Aliyegeuka Nguzo

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mwongozaji wa chumba cha nyota katika jumba letu la sayansi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Jina lake liko kwenye faili. Sisi sote, mkurugenzi akiwemo, tunamwita Mzee Povu.

Aliajiriwa kama fundi umeme. Siku moja akibadilisha taa aliwaona wanafunzi wakipiga miayo mbele ya picha ya wingu la gesi, akalionea wingu huruma. Wiki iliyofuata alikuja na beseni, sabuni ya unga na mashine ya kukaushia nywele ya mkewe. Povu lilikuwa gesi. Mashine, ikipuliza kutoka katikati, ilikuwa nyota changa. Tangu hapo watoto wengi wameona jinsi nyota kubwa iliyozaliwa ndani ya wingu inavyolisukuma wingu hilohilo mpaka linabaki na shimo, na wamesikia jinsi mwanga wake mkali unavyong'oa elektroni kwenye gesi hadi gesi ikang'aa. Penye gesi nzito, isiyosukumika kirahisi, husalia nguzo za gesi. Mzee huwaambia nyota changa ni sawa na mtoto mchanga: kafika jana tu, na tayari nyumba nzima imehamisha makochi.

Miaka sita iliyopita chumba chake kilikaribia kugeuzwa stoo ya viti vibovu. Wakaguzi watatu walikuja kuamua, siku ya onyesho la watoto wa shule. Mzee alijua wasiporidhika lile ndilo onyesho la mwisho, akahisi mashine ya nywele haitoshi. Akaazima ya mtunza bustani, ile ya kupulizia majani.

Sikuwepo, nina miezi minne tu hapa. Dada wa mapokezi amenisimulia mara tatu, na kila mara povu linaongezeka. Wote waliokuwepo wanakubaliana kwamba mashine ilipowashwa beseni lilibaki tupu, na mkaguzi mkuu akawa mweupe kuanzia kipara hadi tai. Mkurugenzi alishika kichwa. Mzee akainua fimbo yake ya kuonyeshea.

"Mheshimiwa, tafadhali usitikisike! Gesi nyepesi imekimbilia mlangoni. Wewe ndiye nguzo."

Watoto walicheka mpaka mmoja akapata kwikwi. Mkaguzi hakutikisika. Alisimama dakika nne, povu likimdondoka puani, kisha akauliza kwa upole nyota nyingine huzaliwa wapi. Mzee akamgusa begani, pale povu lilipojikusanya. Pembezoni mwa shimo, alieleza, gesi ikibanwa sana, nyota mpya huweza kuanza.

Ripoti ilikuwa na mistari miwili. Chumba kibaki. Sakafu ikaushwe.

Asante, Mzee wetu, kwa kutulindia chumba hiki. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa, na wajukuu watundu kwa kiasi. Onyesho la Jumamosi saa nne litaendelea. Kiti cha mbele ni chako. Njoo na koti la mvua.