Olive Mukagasana na Neno Lililoandikwa Chini ya Picha

Ndugu na majirani mliofika Ndosho kutushika mkono, familia inawasomea maisha ya mama yetu Olive Mukagasana, aliyezaliwa Kiwanja tarehe 11 Mei 1978, mtoto wa pili wa Papa Twagirimana na Mama Ernestine, akabatizwa huko, akasoma huko shule ya msingi na sekondari hadi mwaka wa nne, ambapo Kifaransa chake kilisifiwa na masomo yake yakakatwa na vita, mwaka 1996.

Familia ilikimbia kwa miguu kupitia Kibumba, na njiani dada yake Séraphine alichukuliwa na mtu mwenye bunduki, ambaye aliwaambia wazazi kwamba msichana anaona haya tu lakini anampenda, na Séraphine hakuonekana tena.

Mwaka 1999 marehemu alipata kazi kwenye ukumbi wa video wa Papa Buhendwa, hapa Ndosho, ambako televisheni iliwekwa mlangoni ikionyesha bande-annonce, vile vipande vifupi vya kuwavutia watu waingie kutazama filamu za mapenzi, naye akisoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha na kuyatafsiri kwenye maikrofoni. Katika vipande hivyo mwanamume alivuta mkono, mwanamke akageuza uso, na watafsiri waliomtangulia walisema binti amekubali, hata pale palipoandikwa hapana. Olive akasoma hapana. Vijana walizomea, kipaza sauti kikatupiwa mawe, na Papa Buhendwa akamwambia, "Mama, watu wanalipa juu ya mapenzi, hawalipi juu ya kusikia mwanamuke anakataa." Akamwachisha kazi, akamweka mtafsiri mwingine, Josias, mahali pake.

Kesho yake marehemu alisimama barabarani kati ya wapita njia, na Josias alipotangaza kwamba binti anaona haya tu, Olive alisema kwa sauti iliyofika hadi kwa mama wauza makala, yaani makaa ya kupikia, ng'ambo ya barabara, "Si haya. Wameandika hapana." Josias alirudia lake, naye akarudia lake, kisha muuza makala mmoja akalisema pamoja naye, wakafuata wengine, mpaka Josias akazima maikrofoni. Juma halikuisha kabla Papa Buhendwa hajamwita, kwa kuwa watu mlangoni hawakumsikiliza tena Josias, naye alirudi kwa sharti kwamba asomacho hakitageuzwa na mtu.

Mwaka 2001 Luc Ndayambaje, seremala, alimposa, akakataliwa, akaaga kwa heshima na kwenda zake, akivumilia kuchekwa na wenzake. Mwaka uliofuata marehemu ndiye aliyemwita, wakafunga ndoa tarehe 7 Desemba 2002, wakajaliwa Charline na Édouard.

Vita vilipoingia mjini mwaka 2012 ukumbi ulifungwa, na ugonjwa wa tension, yaani shinikizo la damu, ukaanza kumsumbua, akalazwa tarehe 2 Septemba 2013, akafariki asubuhi ya tarehe 9, Luc akiwa kando yake.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliompigania, majirani waliolala nasi matangani, mama wauza makala waliopika, Papa Buhendwa, na Josias, aliyeomba mwenyewe kubeba jeneza. Kuna waliotushauri tuziruke habari za sinema, kwamba kuzisoma mbele ya maiti ya mama wa watu si heshima, nasi tumewajibu hapana.

Mama Charline, ulisema, wakasikia. Pumzika kwa amani.